Bonde la Olduvai katika jiolojia

Bonde la Olduvai, linaloitwa pia Oldupai, ni korongo lililo kwenye ukingo wa mashariki wa nyanda za Serengeti, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Kuta zake zinafikia kimo cha mita 90 hivi, na ndani yake yanaonekana wazi mashapo yaliyolundikana kwa takriban miaka milioni 2. Bonde hili linafahamika zaidi kwa mafuvu ya zamadamu, lakini mafuvu hayo yangekuwa na maana ndogo sana kama umri wa udongo ulioyahifadhi usingejulikana.

Kabla ya korongo kuwapo, eneo hilo lilikuwa beseni pana lisilo na njia ya kutolea maji. Katikati yake palikuwa na ziwa la magadi, ambalo maji yake yalipanda na kushuka kulingana na mvua. Vijito vilileta tope na mchanga, na volkano za jirani, hasa Olmoti na baadaye Kerimasi, zikatandaza majivu juu yake mara kwa mara. Mifupa iliyoachwa ufukweni ilifunikwa kabla ya kuoza, ikageuka visukuku.

Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck aliyagawa mashapo hayo katika matabaka makuu matano, akiyahesabu kuanzia chini. Tabaka la I, ambalo upande wa mashariki limekaa juu ya lava ya basalti, lina mifupa ya samaki, mamba na heroe, ushahidi kwamba ziwa lilikuwa karibu. Wakati wa Tabaka la II ardhi ilipasuka na kuhama, ziwa likapungua, na wanyama wa nyasi wakaongezeka. Tabaka la III ni jekundu, na mtu huliona kutoka mbali. Baadaye Richard Hay, aliyechapisha utafiti wake mkuu mwaka 1976, aliyapanga upya matabaka ya juu na kuyapa majina ya Masek, Ndutu na Naisiusiu.

Kanuni inayotumika ni rahisi: mashapo yasipopinduliwa, tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu. Hata hivyo, kitu kilichomo ndani ya tabaka si lazima kiwe na umri wa tabaka hilo. Reck mwenyewe alipata mwaka huohuo wa 1913 mifupa ya mtu wa kisasa ndani ya Tabaka la II, na kwa muda iliaminika kuwa ya zamani mno. Udongo uliogandamana na mifupa ulipochunguzwa miaka ya 1930, ulikutwa na chembe nyekundu za Tabaka la III, ambalo lilikuwa bado halijawapo wakati Tabaka la II likitandazwa. Ilikuwa maiti iliyozikwa baadaye sana, katika kaburi lililochimbwa hadi kwenye udongo wa kale. Ni mfano bora wa jinsi chembe ndogo ya udongo inavyoweza kukata shauri.

Mpangilio wa matabaka huonyesha kipi kilitangulia, lakini hautaji miaka. Miaka hupatikana katika majivu ya volkano. Fuwele za majivu hayo huwa na potasiamu-40, ambayo sehemu yake hugeuka taratibu kuwa gesi ya argoni. Mwamba unapokuwa umeyeyuka gesi hutoroka; unapopoa hunaswa ndani ya fuwele na kuanza kujikusanya. Kwa kupima argoni iliyojikusanya na potasiamu iliyobaki, wanasayansi hukokotoa muda uliopita tangu mlipuko. Julai 1959 Mary Leakey aligundua katika Tabaka la I fuvu lililoitwa Zinjanthropus, ambalo sasa hutambuliwa kama Paranthropus boisei. Mume wake, Louis, alilikisia kuwa na miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 yeye pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza umri wa miaka milioni 1.75, na vipimo vya baadaye vimeusogeza hadi karibu milioni 1.84. Muda uliodhaniwa wa kuwapo kwa zamadamu Afrika Mashariki ukawa karibu mara tatu kwa kipimo kimoja.

Lava na majivu ya Olduvai hutunza pia mwelekeo wa sumaku ya dunia wakati yalipopoa. Jina la bonde limepewa kipindi kifupi, kati ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 hivi iliyopita, ambapo sumaku ilielekea kama ilivyo leo huku enzi iliyokizunguka ikiwa kinyume. Kipindi hicho hutumika kulinganisha miamba ya mabara na hata ya sakafu za bahari.

Korongo lenyewe ni changa kuliko sehemu kubwa ya mashapo yake. Misogeo ya Bonde la Ufa ilishusha ardhi ya Olbalbal upande wa mashariki, na maji yaliyofuata mteremko huo yakakata matabaka hadi kwenye lava. Mmomonyoko huo unaendelea, na kila masika hufichua visukuku vipya. Kisukuku kilichoporomoka mtelemkoni kimekwisha poteza nafasi yake, kwa hiyo watafiti huchunguza tope lililokishikilia na kulilinganisha na majivu yaliyoko ukutani kabla ya kukipa umri wowote.