Irabu Mbili Zisizoingia Kwenye Simu

Neno daftari limesafiri sana. Tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi ya mnyama. Ngozi ikawa karatasi, karatasi ikawa kioo cha simu, jina likabaki. Leo ukimwambia kijana wa Singida afungue daftari lake, huenda akatoa kaunta buku, huenda akawasha simu.

Marafiki zangu wanaoandika hawaishi kubishana kuhusu simu hiyo. Huyu yuko Evernote tangu chuoni, yule kahamia Notion, mwingine anaapa kwamba tangu aingie Obsidian mawazo yanamjia yenyewe. Wanamtaja Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyejaza kadi takriban 90,000 na kuandika vitabu vingi kutokana nazo. Kila baada ya miezi kadhaa mmoja wao anahamisha noti zake zote kwa kubonyeza mara mbili, halafu anasubiri kuwa mbunifu zaidi.

Mimi nina swali la kihistoria: kuhama kutoka chombo kimoja cha kuandikia kwenda kingine kumewahi kumsaidia mtu kufikiri? Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wa kwanza uko Mombasa.

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Tungo zake alizitoa kwa watu, na watu wakazihifadhi vichwani. Vina na mizani vilikuwa ndiyo daftari, maana mstari ukipotea neno, kina na hesabu ya mizani vinakuonyesha pengo lilipo. Miongo minne baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliwaendea waliokuwa bado wanazikumbuka, akaziandika kwa hati ya Kiarabu. Mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, alishirikiana naye na kuzinakili kwa herufi za Kilatini. Karatasi zao zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka.

Katika safari hiyo kuna hatua moja inayonivutia. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Alama ile ile yaweza kusomwa i au e, na nyingine yaweza kuwa u au o. Anayesoma kwa hati hiyo shairi analolijua hapati shida, maana sikio linamsaidia. Anayelihamishia herufi za Kilatini hana pa kujificha. Lazima aamue, na kama hajui, lazima amtafute anayejua amuulize: hapa Muyaka alisema nini? Aliposema hivyo alikuwa anamjibu nani? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayozaa maelezo, na tungo za Muyaka zilitufikia zikiwa na maelezo mengi ya matukio yaliyozizaa.

Ushahidi wa pili ni wa gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya miaka mitatu, hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, aliyaandika humo kwenye karatasi za chooni. Karatasi ya namna hiyo haivumilii kufutwafutwa. Nafikiri chombo kibovu kama hicho kinamlazimisha mshairi kuutengeneza ubeti kichwani kwanza, kisha auandike ukiwa umeiva. Hakuna anayepaswa kutamani jela ili aandike. Lakini daftari lililokuwa gumu kuandikia lilitupa mojawapo ya diwani kubwa za karne iliyopita.

Sasa nirudi nyumbani. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Hapo ndipo ninapokusanya habari za wazee: majina ya mashamba, miaka ya njaa, mbuzi waliotolewa kwa nani na kwa nini. Si mimi wa kwanza kuwaandika Wanyaturu. Eberhard von Sick, afisa wa Kijerumani, alituandika enzi za ukoloni wao. Harold Schneider, Mmarekani, alichapisha mwaka 1970 kitabu kizima kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa Wahi. Marguerite Jellicoe akafuata mwaka 1978 na The Long Path. Ni kazi nzito, nami nazitegemea. Lakini maneno yalitoka kinywani kwa Kinyaturu yakaishia katika Kijerumani na Kiingereza, na wengi wa waliowatoa maneno hayo wasingeweza kuyasoma kuona kama yamefika salama.

Kinyaturu kina irabu saba. Kibodi ya Kiswahili kwenye simu yangu ina tano. Zile mbili zilizobaki, ambazo wataalamu huziandika kama i na u zilizokatwa kwa mstari katikati, hazipo. Simu inayameza maneno mawili na kuyatoa yakiwa neno moja, kama hati ya Kiarabu ilivyofanya kwa Kiswahili cha Muyaka.

Mwaka jana nilianza kunakili noti za simu kwenye kaunta buku, kwa peni, neno kwa neno. Peni haina kibodi, na herufi ukitaka kuikata mstari unaikata. Nikafika kwenye jina la shamba na jina la mtu ambayo simu iliyaandika sawasawa. Nikarudi kwa bibi aliyenipa habari ile.

"Mjukuu wangu, hilo siyo hilo," akasema, akayatamka yote mawili polepole, akinitazama mdomo hadi nilipoyarudia vizuri. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza shamba lile lilivyopata jina, nani alilitia samadi likazaa, na kwa nini mamaye alikatazwa kulilima baada ya kufiwa. Habari hiyo haikuwamo kwenye rekodi yoyote. Ilizaliwa na swali kuhusu irabu.

Hapo ndipo ninapoachana na marafiki zangu. Kuhamisha noti kwa kubonyeza mara mbili kunaokoa muda, na muda una thamani yake. Noti zinafika kama zilivyoondoka, pamoja na mashaka yake yote, na hakuna aliyeulizwa chochote. Faida ya kuhama ipo pale chombo kipya kinapokataa kupokea kitu mpaka ukielewe. Programu ukiichagua kwa sababu hiyo, nakuunga mkono, hata kama ni ya tano mwaka huu.

Kaunta buku yangu sasa inahamia kwenye kompyuta, ambako nimeweka kibodi yenye irabu zote saba. Pembeni ya kurasa kuna maneno 31 yenye alama ya kuuliza. Bibi masikio yake yameanza kuwa mazito, na wa rika lake Unyambwa hawajazi tena benchi moja. Baada ya kuvuna alizeti nitaanza na lile la kwanza.