Waya wa spika

Waya wa spika (pia: kebo ya spika) ni waya wa umeme unaounganisha amplifaya na spika katika stereo ya nyumbani au mitambo mingine ya muziki. Una njia mbili za kupitisha umeme, moja ya chanya (+) na nyingine ya hasi (−). Kila njia ina nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja na kufunikwa kwa plastiki. Madukani huuzwa mara nyingi kwa mita, na aina inayojulikana sana ina upande mmoja mwekundu na mwingine mweusi.

Mambo yanayoathiri sauti ni hasa matatu: unene wa waya, urefu wake na madini yaliyotumika. Waya mwembamba mno hupunguza nguvu inayofika kwenye spika na unaweza kubadilisha sauti. Lakini waya ukishakuwa mnene wa kutosha na kuungwa vizuri, kulipa bei kubwa zaidi hakuleti tofauti inayosikika.

Namna unavyofanya kazi

Amplifaya hutoa umeme unaobadilika haraka kulingana na muziki. Umeme huo hupita katika koili ya spika, na koili husukuma koni mbele na nyuma ili kutikisa hewa. Spika nyingi za nyumbani zimeandikwa impedansi ya omu 4, 6 au 8, yaani kiasi ambacho spika inapinga umeme huo.

Waya nao una ukinzani wake, kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea ndani yake kama joto. Tena impedansi ya spika haibaki ileile kwa masafa yote ya sauti. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka chini ya kiasi hicho kwenye masafa fulani na kupanda mara kadhaa kwenye mengine. Ukinzani wa waya ukiwa mkubwa, baadhi ya sauti hupungua kuliko nyingine, na amplifaya hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzuia koni isiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha.

Kukadiria unene unaofaa

Unene wa waya hupimwa kwa eneo la mkato wake, kwa milimita za mraba (mm²). Nchini Marekani hutumika namba za AWG, ambapo namba ndogo humaanisha waya mnene zaidi: AWG 18 ni takriban 0.8 mm², AWG 16 ni 1.3 mm², AWG 14 ni 2.1 mm² na AWG 12 ni 3.3 mm².

Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na mkato wa 1 mm² una ukinzani wa omu 0.0172 hivi. Umeme huenda na kurudi, hivyo urefu huzidishwa kwa 2. Kwa mfano, spika iliyo umbali wa mita 5 ikitumia waya wa 2.5 mm²:

0.0172 × 10 ÷ 2.5 = omu 0.07

Kwa spika ya omu 8, kiasi hicho hupunguza sauti kwa chini ya desibeli 0.1, tofauti ambayo sikio haliitambui.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya impedansi ya spika. Kwa kanuni hiyo, umbali wa juu kati ya amplifaya na spika kwa waya wa shaba ni takriban:

- 0.75 mm²: mita 8 kwa spika ya omu 8, mita 4 kwa spika ya omu 4
- 1.5 mm²: mita 17 kwa omu 8, mita 8 kwa omu 4
- 2.5 mm²: mita 29 kwa omu 8, mita 14 kwa omu 4
- 4 mm²: mita 46 kwa omu 8, mita 23 kwa omu 4

Kwa sebule ya kawaida, basi, waya wa 1.5 mm² au 2.5 mm² unatosha.

Madini

Shaba ndiyo inayotumika zaidi. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu, na faida hiyo hupatikana pia kwa kununua waya wa shaba mnene kidogo zaidi. Shaba inayotangazwa kuwa haina oksijeni hutofautiana kidogo sana na shaba ya kawaida ya nyaya za umeme.

Nyaya nyingi za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu, hivyo mnunuzi anahitaji waya mnene zaidi kwa umbali uleule. Waya wa namna hii ni mwepesi kuliko wa shaba wenye unene sawa, na uzi wake ukikwanguliwa kwa kisu huonekana mweupe ndani. Ni vema kufanya ukaguzi huo dukani kabla ya kulipa, kwa kuwa nje waya huo hufanana na wa shaba.

Mjadala kuhusu nyaya za bei kubwa

Hadi miaka ya 1970 watu wengi walitumia waya mwembamba wa kawaida, kama ule wa taa za mezani. Mwishoni mwa miaka hiyo Noel Lee alianzisha nchini Marekani kampuni ya Monster Cable, iliyosaidia kueneza nyaya nene zilizotengenezwa maalumu kwa spika. Baadaye zilikuja nyaya za maelfu ya dola.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuchunguza madai ya ajabu, alikubali kutoa zawadi ya dola milioni 1 kwa mtu ambaye angetambua kwa kusikiliza tu tofauti kati ya nyaya za dola 7,250 na nyaya za Monster. Jaribio hilo halikufanyika.

Njia ya haki ya kulinganisha nyaya ni msikilizaji asijue ni ipi inayotumika, na sauti iwe na kiwango kilekile. Bila hivyo, bei na matarajio huathiri anachosikia. Kwa kawaida spika zenyewe, mahali zilipowekwa na chumba huathiri sauti kuliko waya.

Kuunganisha na usalama

Zima amplifaya kabla ya kuunganisha. Chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya spika, na hasi kwa hasi. Spika moja ikigeuzwa, koni moja huenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi hupungua sana. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika ya besi kwa muda mfupi, baada ya kuitenga na amplifaya: koni ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya kwa kawaida.

Nyuzi zote ziingie kwenye tundu lake. Uzi mmoja ukigusa upande wa pili huleta shoti inayoweza kuunguza amplifaya. Ncha zilizopata kutu ya kijani zikatwe na kumenywa upya.

Waya wa spika usitumike kamwe kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240, hata kama ni mnene. Plastiki yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na matokeo yanaweza kuwa moto au kupigwa na umeme.