Kilimo hai: nani anamsaidia mkulima, na nani anampa cheti?

Katika masoko ya Bukavu neno "bio" limekwisha kuzoeleka. Mama anayeuza lengalenga atakuambia mboga zake ni bio, maana yake hazikupigwa dawa. Huenda anasema kweli. Lakini mnunuzi hana njia ya kujua. Na mkulima wa Nyantende aliyebeba samadi kichwani mpaka juu ya kilima anapata bei ileile na yule aliyepulizia dawa juzi. Kazi ya kuthibitisha kilimo hai ilizaliwa katika shida hiyo. Makala hii inaeleza ni watu gani wanaoifanya, wanaifanya namna gani, na vikundi vya wakulima katika makanisa yetu vinaweza kuanzia wapi.

Kilimo hai ni nini

Watu wengi hufikiri kwamba kilimo hai ni kutotumia mbolea ya dukani na dawa, basi. Hiyo ni nusu ya maana. Katika milima yetu wengi hawatumii vitu hivyo kwa sababu hawana pesa za kuvinunua, na udongo wao umechoka. Shamba lisilopewa kitu si shamba hai, ni shamba lenye njaa.

Mkulima wa kilimo hai anaulisha udongo: samadi ya ng'ombe, mbuzi, sungura au simbilisi, mboji iliyooza vizuri, majani ya tithonia yaliyokatwa na kufukiwa. Anachanganya maharagwe na mahindi au mihogo, anabadilisha mazao, anachimba mitaro na kupanda majani ya kushika udongo ili mvua isiuteremshe bondeni. Hatumii mbolea za kemikali, dawa za viwandani za kuua wadudu na magugu, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba.

Shirika la dunia la harakati hizi, IFOAM, lilianzishwa mwaka 1972 huko Versailles, Ufaransa, na vikundi vitano. Kimoja kilitoka Afrika Kusini. Linasimama juu ya kanuni nne: afya, ikolojia, haki na uangalifu.

Watu wanne, kazi nne

Mtu wa kwanza ni mwelekezi. Kwetu huitwa agronomu au monitera. Tanzania humwita bwana shamba. Huyu anafundisha, anatembelea mashamba, anaonyesha jinsi ya kutengeneza mboji na kupambana na wadudu. Anaweza kuwa mtu wa serikali, wa koperative au wa idara ya maendeleo ya kanisa. Mkoa wetu una mahali pa kumwandaa mtu wa namna hiyo: kituo cha utafiti cha INERA kiko Mulungu, na Université Evangélique en Afrique hapa Bukavu ina kitivo cha kilimo.

Wa pili ni mkaguzi wa ndani. Kwa kawaida ni mkulima au kijana wa kikundi aliyefundishwa. Anapita kwa kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka akiwa na daftari: ukubwa wa shamba, mazao, mbegu zilitoka wapi, ni nini kiko ghalani, jirani anapulizia nini. Anaangalia pia vitu vinavyosahauliwa. Mfuko uliokuwa na mbolea ya kemikali ukitumiwa kubebea mavuno unaweza kuyaharibu. Pampu ya kupulizia iliyoazimwa kwa jirani ni hatari hiyohiyo. Na mbegu za msaada, ambazo mashirika hugawa baada ya vita au njaa, mara nyingi zimepakwa dawa ya rangi nyekundu au ya waridi. Mkulima anayezipanda bila kuuliza anaweza kupoteza haki yake bila kujua.

Wa tatu ni mkaguzi wa nje, anayetumwa na shirika la kuthibitisha. Anasoma madaftari ya kikundi, anachagua wakulima kadhaa, anakwenda kwao na kulinganisha aliyoyasoma na anayoyaona. Akikuta mkulima ameandikiwa kilo nyingi kuliko miti yake inavyoweza kuzaa, anajua kwamba kahawa ya mtu mwingine imeingia humo. Anaweza pia kuchukua majani, udongo au mazao yapimwe.

Wa nne haonekani kijijini. Ni mwamuzi anayekaa ofisini, anayesoma ripoti na kuamua kama cheti kitolewe. Mkaguzi aliyekula chakula nyumbani kwa mkulima haamui peke yake.

Kanuni kubwa inayowaunganisha ni hii: anayefundisha asiwe yeye anayetoa cheti. Mwalimu hawezi kuihukumu kazi yake mwenyewe bila upendeleo. Hata Soil Association ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1946, inaendesha uthibitisho kwa kampuni iliyo mbali na kazi yake ya kuwatetea na kuwafundisha wakulima.

Kikundi kinathibitishwa pamoja

Mkulima mwenye robo hekta hawezi kumlipa mkaguzi anayetoka ng'ambo. Kwa hiyo wakulima wadogo huthibitishwa kwa kikundi. Umoja wa Ulaya, mmoja wa wanunuzi wakubwa, ulibadilisha sheria yake, na kanuni mpya nambari 2018/848 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ikiwapa wazalishaji wa nchi nyingine muda wa kujipanga. Kikundi kisizidi wanachama 2,000. Kiwe na utu wa kisheria. Kiwe na ukaguzi wake wa ndani na njia moja ya kuuza. Shirika la nje likague tena kila mwaka angalau asilimia 5 ya wanachama.

Kuna pia muda wa kubadilika. Kwa mazao ya msimu, shamba lifuate kanuni miaka miwili kabla ya kupanda. Kwa miti kama kahawa na kakao, miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza yanayouzwa kama hai. Ni muda mrefu kwa familia inayongoja karo ya shule. Mwelekezi mwaminifu humwambia mkulima jambo hili siku ya kwanza.

Kufungwa pamoja kuna uzito wake. Mtu mmoja akipulizia dawa kwa siri, na kikundi kikamficha, wote wanaweza kupoteza cheti. Na cheti si cha maisha: ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Njia zikifungwa kwa vita na mkaguzi asifike, kazi ya miaka inaingia hatarini.

Kilimohai: alama ya Afrika Mashariki

Jirani zetu walitengeneza njia yao. Wakulima na mashirika waliungana katika harakati za kitaifa: NOGAMU ya Uganda mwaka 2001, KOAN ya Kenya na TOAM ya Tanzania mwaka 2005, kisha ROAM ya Rwanda na BOAM ya Burundi. Yalizaliwa pia mashirika ya kuthibitisha ya hapahapa, kama UgoCert Uganda na TanCert Tanzania, ili mkaguzi awe mtu anayejua lugha na mazao ya mahali.

Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokea kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, EAS 456. Mwezi Mei mwaka huo kilizinduliwa Dar es Salaam pamoja na alama yake, iliyopewa jina la Kiswahili: Kilimohai.

Congo haikuwamo wakati huo. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili mwezi Julai mwaka huohuo. Kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya mkulima wa Mbarara au Morogoro kinaweza sasa kusomwa pia na mkulima wa Nyantende kama chake, na vikundi vyetu vina sababu ya kukitafuta na kukisoma.

Kahawa ya Kivu ilitangulia

Mfano ulio karibu nasi ni kahawa. Koperative ya SOPACDI ilianza mwaka 2003 upande wa Minova, katika Kalehe. Wakati ule wakulima wengi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengi walizama ziwani. Koperative ilikusanya kahawa, ikajenga kituo cha kuiosha, ikapata vyeti vya biashara ya haki na vya kilimo hai, ikauza Ulaya na Marekani. Nyingine zilifuata kando ya ziwa, kama Muungano, pia katika Kalehe.

Mafanikio hayo hayakuletwa na karatasi pekee. Kahawa ya ukanda huu inaweza kupata kasoro ya kunukia kama kiazi kibichi, ambayo inahusishwa na mdudu aitwaye antestia. Mkulima wa kilimo hai anapambana naye kwa kupogoa miti, kuokota matunda yote na kutumia dawa ya pareto. Asiye na mwelekezi wa kumfundisha hayo hasaidiwi na cheti.

Kwa mboga na maharagwe ya Nyantende

Mazao mengi ya Nyantende hayaendi Ulaya, yanaliwa Bukavu. Kwa mazao hayo cheti cha ng'ambo ni gharama isiyorudi. Njia inayofaa zaidi ni uhakikisho shirikishi: wakulima wenyewe, pamoja na wanunuzi, wanaandika ahadi na kanuni, wanatembeleana mashambani, wanaandika wanayoyaona, na kamati inaamua wazi mbele ya wote. Kenya na Uganda viko vikundi vinavyofanya hivyo, na IFOAM inautambua mfumo huu.

Nguvu yake ni kujuana, na udhaifu wake ni huohuo. Ni vigumu kuandika kosa la shemeji, la jirani wa benchi kanisani, au la mzee wa kanisa. Kwa hiyo mtu asikague shamba la ndugu yake, wakaguzi wabadilishwe kila msimu, na adhabu iandikwe kabla ya kosa kutokea. Maandiko yanayochukia mizani ya udanganyifu yanahusu pia neno "bio" linalosemwa bila ushahidi.

Jambo lingine: kwetu anayelima, kupalilia na kubeba mizigo mara nyingi ni mama, lakini jina kwenye orodha ni la baba. Akiitwa kwenye mafunzo anakwenda baba, naye mama anapanda mbegu zilizopakwa dawa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Orodha iandike anayelima.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mtu akifika katika kikundi chenu akiahidi cheti, muulizeni:

1. Cheti kitakuwa kwa jina la nani? Kikiwa cha kampuni inayonunua, ninyi hamtaweza kumuuzia mwingine kama hai.
2. Nani atalipa ukaguzi wa mwaka wa pili na wa tatu, mradi ukiisha?
3. Mnunuzi ni nani, na bei ya nyongeza imeandikwa wapi?
4. Shirika la kuthibitisha linatambuliwa na soko gani?
5. Mkulima akionewa, atalalamika kwa nani?

Asiyeweza kujibu, msimkimbilie. Wakati mnangoja, anzeni na daftari moja: jina la mkulima, ramani ya shamba, mbegu, samadi, mavuno. Gharama yake ni kalamu na uaminifu. Mkaguzi yeyote atakayekuja, wa karibu au wa mbali, ataomba kulisoma kabla ya kwenda shambani.