Uzaramo Ilivyopigwa Picha Bila Mawingu

Mapema Oktoba 1860 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant ulitoka Bagamoyo kwenda bara kutafuta chanzo cha Nile. Ulifuata bonde la mto Ruvu, ambao wageni wa wakati ule waliuita Kingani, ukaingia nchi ya Wazaramo. Katika mizigo ya wapagazi kulikuwa na kamera, vioo, chupa za dawa na kihema cha giza. Mpiga picha alikuwa Grant, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepiga picha kadhaa Unguja. Uzaramo ndiyo iliyomshinda. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anaeleza kwamba joto alilokuwa akilivumilia mwenzake ndani ya kihema kile, akitayarisha na kusafisha vioo vyake, lingemuua upesi. Kamera ikawekwa kando, na Grant akashika brashi na rangi za maji.

Anayeijua nchi hii, kuanzia Kibaha hadi Vihingo kule Kisarawe, hatashangaa. Oktoba jua huwa limekaza, upepo wa kusi umeshalegea, na jasho halikauki mwilini. Sasa mtie mtu ndani ya turubai lisilopitisha mwanga hata wa tundu la sindano, humo humo achezee dawa za kemikali. Kioo kilimiminiwa kolodioni, uji mwembamba unaonuka etha. Kikatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi ya fedha, kikapachikwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, picha ikapigwa, kisha kikakimbizwa hemani kikasafishwe kabla hakijakauka. Kazi yote hiyo ilitakiwa iishe ndani ya robo saa hivi. Katika joto la Pwani etha huruka haraka kuliko Ulaya, na kioo kikikauka kabla ya wakati picha imekwenda.

Lakini hata kama Grant angelistahimili lile joto, kuna kitu asingeweza kukinasa, nacho ni mbingu. Oktoba ndipo vuli inapoanza kujiandaa. Mchana mawingu hujikusanya kutoka upande wa bahari, yakapanda juu ya vilima vya Pugu, yakawa meupe kileleni na ya kijivu chini. Mkulima akiyatazama ajue kama apande wiki hii au asubiri. Kwenye kioo cha Grant yote hayo yangetoka karatasi tupu.

Sababu ni kemia. Chumvi za fedha kwa asili yake huona buluu, zambarau na miali ya urujuanimno iliyo nje ya macho yetu, lakini kwa kijani ni dhaifu na nyekundu haziioni kabisa. Kwa hiyo buluu ya anga iliziunguza sawasawa na weupe wa wingu. Vyote viwili vikawa vyeusi kwenye negativu, na picha iliposafishwa vikatoka vyeupe, bila mpaka kati yao. Tena majani ya kijani yalihitaji muda mrefu ndipo yaonekane, na kila sekunde iliyoongezwa kwa ajili ya ardhi ilizidi kuifuta mbingu. Mpiga picha alilazimika kuchagua kimoja, na karibu wote walichagua ardhi.

Ulaya walitafuta njia ya kuzunguka. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1856 na 1857, alipiga bahari kwenye kioo kimoja na mawingu kwenye kingine, kisha akaviunganisha katika karatasi moja hivi kwamba watazamaji wa Paris na London walipigwa na butwaa. Kazi yake ni nzuri mno. Lakini ujanja huo ulizaa biashara. Wapiga picha waliweka akiba ya negativu za mawingu, wengine wakazinunua madukani, na wingu lile lile likapandikizwa juu ya mlima huu leo na juu ya bandari ile kesho. Wengine walipaka rangi nyeusi sehemu ya anga kwenye negativu, ili itoke nyeupe safi isiyo na madoa. Kati ya hayo mawili mimi nachagua weupe mtupu. Picha ya mahali ikibandikwa mbingu ya kwingine imeacha kuwa ushahidi wa mahali pale, hata ikipendeza namna gani.

Reli ya Kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu, Soga na Ruvu hadi kufika Morogoro mwaka 1907, kamera zilikuwa nyepesi na vioo vilinunuliwa vikiwa vikavu, tayari kwa kazi. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyezaliwa mwaka 1882, ndiye aliyeacha hazina kubwa ya picha za koloni hili la Wajerumani. Leo sehemu ya picha zake imo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, ambayo Desemba 2008 ilifungua mtandaoni picha zaidi ya 80,000 kutoka kwenye maghala yake. Katika picha za kizazi hicho cha wapiga picha utaona watu, minazi, madaraja, mabehewa, na juu yake mara nyingi hakuna kitu. Ukitazama haraka unadhani ni nchi ya kiangazi kisichokwisha. Hata mtu aliyezaliwa hapa hapa anaweza kuitazama picha ya Pwani ya babu yake akadhani mvua ilikuwa haijui njia.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya sura ya nchi yenyewe. Kuanzia Kibaha hadi Vihingo hakuna mlima wa kumfanya mgeni asimame. Kuna mikorosho, mashamba ya mihogo, vichaka, miinuko midogo na mabonde yanayoshuka taratibu. Nusu nzima ya kinachoonekana iko juu, na ndiyo nusu inayobadilika. Ukiiondoa umemwachia mtazamaji mstari wa miti na vumbi, kisha atakwambia hapa hapana cha kuona.

Dawa ya tatizo ilikuwa imeshagunduliwa. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel huko Berlin alibaini kwamba rangi fulani zikichanganywa na chumvi za fedha huzifungua macho, zikaanza kuona kijani. Mwaka 1906 kampuni ya Uingereza ya Wratten & Wainwright ilianza kuuza vioo vinavyoona rangi zote hadi nyekundu. Hapo filta ikapata kazi ya maana. Filta ya njano huzuia sehemu ya buluu, anga likawa kijivu na wingu likajitokeza. Ya chungwa huzidisha, na nyekundu hulitia anga weusi. Mwaka 1927 Ansel Adams alitumia filta nyekundu nzito kwenye picha yake maarufu ya jabali la Half Dome, California. Kabla yake, kuanzia mwaka 1922, Alfred Stieglitz alikuwa akielekeza kamera juu na kupiga mawingu, na baadaye mara nyingi bila ardhi kabisa.

Afrika Mashariki mbingu iliingia kwenye picha kwa njia ya ndege. Januari 1930 rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kilimanjaro akaipiga Kibo kutoka angani, na picha zake ziko hadi leo katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zurich. Mwaka huo huo Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, studio iliyohifadhi kwa nyeusi na nyeupe sura za watu na mitaa ya Mji Mkongwe.

Baadaye walikuja wakubwa wawili wa zama zetu. Sebastião Salgado alikuwa Benako, Ngara, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika kuvuka mpaka, na picha zake za kambi ile zimejaa moshi na mwanga mzito. Nick Brandt aliijua Tanzania mwaka 1995 alipokuja kuongoza video ya wimbo wa Michael Jackson, kisha akarudi na kamera ya filamu aina ya Pentax 67. Hakutumia lenzi ya kuvuta mbali. Alimsogelea mnyama, na kwa hiyo mbingu yote ikaingia nyuma yake. Ile ya simba mbele ya dhoruba sidhani kama nitaisahau. Hata hivyo, mbingu ya kwetu inayojulikana duniani kwa nyeusi na nyeupe ni ama ya wanyama ama ya maafa. Ile inayotazamwa na mtu mwenye jembe begani, akikisia mvua, ndiyo ninayoitamani.

Vihingo panafaa kwa kazi hiyo. Filta nyekundu, pamoja na kuliangusha anga, hung'arisha barabara ya udongo mwekundu hadi ikaonekana kama imemwagiwa chokaa, huku majani ya mihogo yakizama kwenye giza. Anayetaka shamba lionekane atumie ya njano, au ya kijani kwa ajili ya majani. Hata simu inaweza kuigiza hayo, mradi picha ipigwe ya rangi kwanza, kisha buluu ipunguzwe wakati wa kuigeuza. Kikwazo ni unyevu wa Pwani. Anga letu mchana huwa na ukungu mweupe, na filta haina uwezo wa kutia giza buluu isiyokuwepo. Saa inayofaa ni asubuhi baada ya mvua ya usiku, vumbi likiwa limeoshwa na jua likiwa bado chini mashariki. Hapo mpiga picha aelekee kaskazini au kusini, mahali ambapo buluu hukolea zaidi, na filta ya chungwa itamtosha.