Upesi wa Mwako: Istilahi ya Kuchagulia Baruti ya Rivolva ya Shabaha

Anayejijazia risasi za rivolva ya kulengea shabaha huanza na swali la baruti. Vitabu vya Marekani, nchi ambako kazi hiyo imeota mizizi, vimekuwa vikimpa jibu lile lile miaka nenda miaka rudi: chukua baruti ya haraka. Jibu ni sahihi. Tatizo huanza linapotiwa Kiswahili. Mfasiri mmoja ataandika "baruti ya kasi", mwingine "baruti kali", na hakosi wa tatu atakayesema "baruti inayolipuka haraka". Yote matatu humpoteza msomaji, na hapa si mahali pa kubahatisha, kwa kuwa anayesoma ameshika mizani mkono mmoja na ganda la risasi mkono wa pili, na atafanya kile alichokielewa. Ninapendekeza istilahi "upesi wa mwako", na baruti zenyewe ziitwe za mwako wa upesi na za mwako wa taratibu. Ushahidi wa pendekezo hili umo ndani ya ganda lenyewe, katika yale yanayotokea fataki ikishapigwa.

Kwanza tuweke sawa majina ya vipande. Neno risasi limebebeshwa vitu vitatu: madini yenyewe, kile kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha, na kifurushi kizima kabla hakijafyatuliwa. Mjazaji hawezi kufanya kazi na neno la namna hiyo. Humu risasi ni kifurushi kizima, na sehemu zake ni ganda, fataki inayokaa kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa. Polisi na waandishi wa habari wameshazoea kusema maganda ya risasi, na fataki ni neno la wenye magobore tangu zamani, kwa hiyo hapo hatuna haja ya kubuni. Kazi ngumu iko kwenye baruti. Neno tulilipata kwa Kiarabu, na hapo zamani lilihusu shura, ile chumvi ambayo ni robo tatu ya baruti nyeusi. Robo inayobaki ni mkaa na salfa. Tangu hapo maana imetanuka mno. Mchimbaji wa Mirerani akisema anapiga baruti mwambani, anazungumzia vilipuzi, na hata katika ofisi za madini za Tanzania vilipuzi hivyo huitwa baruti. Mwenye gobore naye ana baruti yake nyeusi. Na unga unaoingia ndani ya risasi ya leo ni kitu cha tatu, kilichozaliwa Ufaransa mwaka 1884 pale Paul Vieille alipofaulu kutengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na nitroselulosi.

Vitu hivi vitatu vinaitwa kwa jina moja, lakini havitendi jambo moja. Kilipuzi cha mgodini hupasuka kwa wimbi linalokipenya chote kwa mwendo wa maelfu ya mita kwa sekunde. Baruti ya risasi haitakiwi kufanya hivyo hata kidogo. Yenyewe huwaka, na huwaka juu ya uso wa kila chembe, ikiliwa tabaka kwa tabaka kuelekea ndani. Guillaume Piobert, mtaalamu wa mizinga wa Ufaransa, alilieleza hilo mwaka 1839, na kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana nakataa "kulipuka" katika istilahi yoyote inayohusu ujazaji. Nimependelea pia "mwako" kuliko "kuungua", kwa sababu kuungua kwa Kiswahili hutazama zaidi kile kilichodhurika, mkono ulioungua au nyumba iliyoungua, ilhali mwako ni tendo la moto lenyewe, na wanafunzi wetu wamelizoea katika masomo ya kemia.

Kama moto hula uso, basi upesi wake hutegemea uso ulioachwa wazi. Kilo moja ya vijiti huteketea gogo la uzito ule ule likiwa bado linafuka, ingawa mti ni mmoja. Watengenezaji wa baruti huichezea hali hiyo kwa makusudi: hukata vibapa vyembamba, au vipande vya mfano wa bomba vyenye tundu katikati, au hufinyanga tufe ndogo ndogo, kisha baadhi ya chembe huzipaka kemikali za kuuzuia moto usianze kwa pupa. Kuna jambo jingine ambalo msomaji asipolijua hataelewa chochote katika uchaguzi wa baruti. Mwako huu huongezeka kadiri shinikizo linavyopanda. Gesi huzaa shinikizo, shinikizo huuchochea mwako, nao mwako huzaa gesi zaidi. Kinachouvunja mzunguko huo ni kichwa cha risasi, kwani kikisogea mtutuni nafasi huongezeka na shinikizo hupata pa kupumulia. Unga huo huo ukiwashwa kwenye kisahani mezani huwaka kwa mwali mrefu usio na kishindo. Kwa hiyo tunapoita baruti ya upesi, tunasema jinsi inavyowaka ikiwa imefungiwa, ikilinganishwa na nyingine zilizofungiwa vivyo hivyo.

Sasa tazama "kasi" inavyovuruga mambo. Chukua risasi ya .357 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, na baruti mbili zinazojulikana sana: Bullseye, iliyo miongoni mwa za upesi kabisa, na H110, ya mwako wa taratibu. Anayetaka kichwa kiruke kwa mwendo mkubwa kuliko wote huchagua H110, ile ya taratibu. Bullseye hupandisha shinikizo juu mara moja, kichwa kikiwa hakijafika mbali, kisha shinikizo hushuka. Kabla kichwa hakijapata mwendo huo, kikomo cha usalama kimeshafikiwa na baruti haiwezi kuongezwa. H110 hujazwa kwa uzito wa zaidi ya mara mbili, hupandisha shinikizo bila papara, na huendelea kukisukuma kichwa mtutu mzima. Kwa maneno mengine, "baruti ya kasi" hutoa kichwa chenye kasi ndogo, na asiye na kasi ndiye anayekimbiza. Sentensi ya namna hiyo hakuna mwanafunzi atakayeielewa, na kosa si lake. Kwa Kiswahili cha fizikia tunalo neno mwendokasi. Na libaki kwa kichwa cha risasi. Unga uachiwe upesi. Hapo tunaweza kusema bila kujikwaa kwamba baruti ya mwako wa taratibu hukipa kichwa mwendokasi mkubwa.

"Baruti kali" ina hatari zaidi, kwa kuwa inasikika vizuri. Ukali kwetu ni nguvu, kama pilipili, dawa au jua, na anayesikia baruti kali atadhani nyingine ni hafifu na zinavumilia kujazwa kwa ukarimu. Lakini Bullseye na H110 zote ni nitroselulosi iliyoongezwa nitrogliserini. Bullseye ina nitrogliserini nyingi zaidi, na hilo linachangia upesi wake, lakini umbo la chembe na ile kemikali ya kuuzuia moto navyo vina sehemu kubwa, na mwisho wa yote inayotoa risasi ya nguvu ni H110. Ukiuliza ipi kali, jibu litategemea unapima shinikizo la mwanzo au kazi iliyofanyika hadi mwisho wa mtutu. Istilahi yenye majibu mawili yanayopingana haifai kuwekwa kwenye jedwali la vipimo.

Rivolva ya shabaha ndipo istilahi hii inapopata kazi yake hasa. Risasi inayoongoza kwa mazoea katika mchezo huo ni .38 Special, ya kampuni ya Smith & Wesson, iliyotokea mwishoni mwa karne ya 19 wakati baruti nyeusi ikiwa bado inatumika. Ganda lake, lenye urefu wa milimita 29.3, lilikusudiwa kubeba takribani gramu 1.4 za baruti nyeusi. Mpiga shabaha wa leo haweki hata gramu 0.2 za baruti isiyo na moshi. Huhitaji mwendo mdogo tu, wenye teke jepesi, wa kukifikisha kichwa bapa cha gramu 9.6 kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 25, ambako kitakata tundu la duara lenye ukingo safi, ili mwamuzi asome alama bila ubishi. Matokeo yake ni kwamba ndani ya ganda kuna nafasi tupu nyingi, hata kichwa bapa kinapozamishwa hadi mdomoni mwa ganda ili kuipunguza. Unga kidogo katika chumba kipana hauna makao maalumu: bastola ikiinamishwa kabla ya kulenga, unga hulala upande wa kichwa, ikiinuliwa, hurudi upande wa fataki. Moto wa fataki huukuta kila mara mahali tofauti.

Hapo ndipo mwako wa upesi unapolipa. Baruti isiyohitaji shinikizo kubwa ili iwake sawasawa hushika mapema na kuisha mapema, hata ikiwa sehemu ndogo tu ya gramu, na hata kama fataki imeikuta mbali. Rivolva inaongeza sababu yake pia: kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na gesi huvujia hapo kila kichwa kinapopita. Ya taratibu, ikijazwa kidogo, huenda isifikie shinikizo inalolihitaji; huacha chembe mbichi mtutuni na chini ya maganda, na mwendokasi hutofautiana risasi hadi risasi. Mpiga shabaha anatafuta kitu kimoja, kwamba risasi ya tano ifanane na ya kwanza. Hatafuti nguvu, ndiyo maana neno linalonukia nguvu halimfai.

Yupo atakayepinga kwamba upesi si kipimo, na sayansi inahitaji vipimo. Pingamizi hili ni la haki, ila linaiunga mkono istilahi kuliko kuipinga. Orodha za baruti zinazochapishwa, kutoka ya upesi zaidi hadi ya taratibu zaidi, ni orodha za mfuatano. Baruti ya 10 haiko mara mbili nyuma ya baruti ya 5, na orodha ya kiwanda kimoja inaweza kupishana na ya kingine kwa majirani wawili watatu. Katika maabara unga huwashwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, upandaji wa shinikizo ukarekodiwa, kisha ukalinganishwa na ule wa baruti ya marejeo. Kinachopatikana ni uwiano, nao tunaweza kuuita upesi linganifu. Neno "kasi" lingemfanya msomaji atafute mita na sekunde ambazo jedwali halina. Mwingine atauliza kwa nini tusiseme "baruti nyepesi", fupi na rahisi. Kwa sababu wepesi tumeshaupa uzito, na uzito ni suala jingine kabisa humu: zipo baruti zinazochukua nafasi kubwa kwa gramu chache, na zipo nzito zinazojaa kidogo, bila kufuata mwako wao.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: istilahi hii, hata ikiwa sahihi, haitoshi kumchagulia mtu baruti. Nalikubali. Vipimo vya Bullseye kwa risasi ya shabaha ni vidogo kiasi kwamba ganda linaweza kupokea kipimo mara mbili, na hata zaidi, bila kufurika, na jicho lililochoka lisione. Kosa hilo limepasua silinda za rivolva. Kwa hiyo karibu na upesi wa mwako lazima lisimame neno la pili, ujazo, yaani sehemu ya ganda inayokaliwa na unga. Baruti ya Trail Boss, yenye chembe za mfano wa pete, ilitengenezwa ili ijaze ganda kubwa kwa uzito mdogo, na kipimo cha pili kikimwagwa kwa bahati mbaya huonekana upesi. Mjazaji makini hutafuta baruti ya mwako wa upesi ambayo ujazo wake unamruhusu kuona kosa, na juu ya hayo humulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Na kwa kuwa tumetaja vipimo, vitabu vya Marekani hupima kwa greni, ambayo ni miligramu 64.8, na greni 7,000 ni ratili moja. Greni isifasiriwe "chembe" kamwe, kwa sababu chembe ni kipande cha unga, na greni moja ina chembe nyingi.

Kuna pia wanaosema kwamba lugha ya kazi hii ni Kiingereza, na anayeifanya atasoma Kiingereza. Lakini maonyo ya usalama ndiyo maneno ambayo mtu huyaelewa kwa ukamilifu katika lugha anayoitumia kutwa, na onyo la H110 ni mfano mzuri. Mtengenezaji anakataza kupunguza kipimo chake zaidi ya asilimia 3. Aliyefundishwa kwamba hiyo ni "baruti hafifu", kinyume cha "kali", atalishangaa katazo hilo na pengine atalipuuza, akidhani kupunguza ni kujihadhari. Aliyefundishwa kwamba ni baruti ya mwako wa taratibu atakumbuka kwamba mwako huo unalitegemea shinikizo, kwamba kipimo kikipungua shinikizo linaweza kukosekana na moto kufifia njiani, na kwamba kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu huku cha pili kikisubiri kwenye silinda nyuma yake.