Mbegu za Asili na Mashamba ya Majaribio

Enzi za ukoloni, mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Ili kurudisha uoto uliopotea, mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na wananchi wakafufua ngitili, malisho wanayoyafunga yaote upya. Katika kituo cha Lubaga, karibu na mji wa Shinyanga, watafiti wa HASHI na wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, walijaribu miti ya kuni na malisho, migunga ya asili ikiwamo.

Shamba la majaribio huanza na swali rahisi: mbegu ilitoka wapi? Mbegu za mti wa aina moja kutoka sehemu mbalimbali hupandwa bega kwa bega, kisha hupimwa urefu, unene na idadi ya miche iliyonusurika kiangazi.

Mti wa asili wa mninga huwasumbua wapimaji. Tunda lake ni duara, lina bawa pana pembeni na miiba migumu katikati. Ndani mna mbegu moja au mbili, na kuzitoa bila kuziumiza ni kazi ya subira. Mche nao hufa juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Anayeuhukumu kwa urefu wa mwaka wa kwanza atakosea.

Ukichuma mbegu porini, chuma kwenye miti mingi iliyoachana, na uandike ulipozipata.