Kioski Ni cha Nani?

Mwenye kioski wa mtaani Nairobi akiambiwa kwamba siku hizi kioski ni mashine, ana haki ya kushangaa. Kwake kioski ni mabati, mbao, dirisha lenye wavu wa chuma, mkate, maziwa, sabuni ya kipande na daftari la madeni. Ni neno la riziki, na ndilo linaloandikwa magazetini tingatinga la serikali ya mji linapopita. Sasa katika kumbi za vyakula za Dubai, London na miji mingine mikubwa, neno hilohilo limepewa skrini ndefu iliyosimama karibu na mlango: unaigusa, unachagua chakula, unalipa, unapewa namba, unakwenda kukaa hadi namba yako itokee ubaoni. Mashine hizo zinakuja na jina lake, nasi tunalipokea kana kwamba halina mwenyewe.

Neno limetoka mbali. Waajemi walisema kushk, Waturuki wakasema köşk, na maana yake ilikuwa jumba la starehe, aghalabu ndani ya bustani. Lipo moja Istanbul, Çinili Köşk, lililojengwa 1472 enzi za Sultani Mehmed wa Pili, na bado limesimama. Wafaransa walilichukua neno wakalipa vibanda vya kuuzia magazeti, Waingereza nao wakalipokea, likafika kwetu. Kiswahili kiliposikia ki- mwanzoni mwake kikaliingiza katika ngeli ya kitabu na kikombe: kioski, vioski. Tukalitumia kwa duka dogo la mtaani, kisha kwa kituo cha maji, pale ndoo zinapopangwa foleni. Jumba la sultani limeishia mikononi mwa muuza mkate na mteka maji, na mimi naona limepata kazi njema. Sioni sababu ya kulinyang'anya kazi hiyo ili lipewe mtambo.

Mashine ina jina lake tayari, ila halijaandikwa. Kiswahili huvitaja vifaa kwa kazi yake, kwa kile kiambishi kidogo cha kutendea: jiko la kupikia, kalamu ya kuandikia, mashine ya kutolea pesa. Basi hii ni mashine ya kuagizia. Mhudumu yeyote atalielewa jina hili mara ya kwanza akilisikia, bila kamusi. Sisemi kwamba maneno ya kubuni hayashiki. Kishikwambi kilichekwa, lakini sensa ya Tanzania ya 2022 ilipofanywa kwa vishikwambi, neno likaenea nchi nzima. Ila hapa hatuna haja ya kubuni chochote.

Jina la ukumbi wenyewe ndilo linalonisumbua zaidi. Mgahawa, au mkahawa kama wasemavyo Wakenya, umezaliwa na kahawa, na sasa ni jina la mahali pa kula hata pasipo na kahawa. Hoteli, kwa watu wengi wa Tanzania na Kenya, ni pale panapouzwa ugali na nyama, kitanda kiwepo kisiwepo. Lakini mahali penye wapishi wengi mbalimbali na meza za pamoja tunapaitaje? Wengi husema fudikoti tu. Kitu chenyewe si kigeni kwetu. Pale Forodhani, Unguja, jioni wauzaji hupanga meza zao za mishkaki, urojo na pweza, nawe unachukua hiki kwa huyu na kile kwa yule. Diamond Plaza, mtaa wa Parklands jijini Nairobi, ni maarufu kwa wahudumu wake: hujaketi vizuri umeshazungukwa na vijana, kila mmoja na menyu ya jiko lake, kila mmoja akiapa kwamba biriani ni ya kwao. Ukelele ule ndio ambao mashine ya kuagizia imekuja kuuzima.

Pendekezo langu ni bwalo. Ni neno la shule za bweni na makambi ya askari, ukumbi ambamo watu wengi hula pamoja kwenye meza ndefu. Najua litawakumbusha wengine maharage yenye wadudu. Hata hivyo linabeba jambo ambalo mgahawa haulibebi: meza ni ya wote, na anayekaa karibu nawe hukumchagua. Bwalo la vyakula, kwa wingi wa vyakula hivyo, linatosha kabisa.

Kuhusu oda sina ugomvi. Wapo wanaotaka tuseme agizo, lakini agizo ni zito mno. Hilo ni la Waziri au la Mkuu wa Mkoa. Sahani ya wali samaki haihitaji uzito huo. Tuagize chakula, na kikiwa tayari tuambiwe oda yetu ipo. Kitenzi kimoja cha zamani na nomino moja ya kukopa vimekaa pamoja kwa amani midomoni mwa wahudumu, na wao ndio wenye shughuli.

Sasa niingie ndani ya skrini yenyewe, maana humo ndimo lugha inamoumia. Tanzania ina jina la mpishi wa kando ya barabara lililotoka kinywani mwa mteja: mama ntilie. Mteja alifika na njaa akasema, “Mama, nitilie,” na ombi lake likawa jina la kazi nzima. Baadaye tukaambiwa mama lishe lina heshima zaidi. Mimi bado naliheshimu lile la kwanza, kwa sababu ndani yake mna watu wawili: anayetia, na ni- ya yule anayetiliwa. Ndivyo tunavyoagiza hadi leo. Niongezee mchuzi. Nipunguzie pilipili. Nichanganyie wali na maharage. Chipsi kavu, halafu nifungie. Ongeza juu yake lile “naomba” la Mtanzania, anayeomba hata kile anacholipia.

Mfasiri wa skrini huandika: Ongeza. Ondoa. Endelea. Lipa. Ni amri tupu, na haijulikani nani anamwamuru nani. Tumeshazoea kidogo, maana simu ilitutangulia: tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 tumekuwa tukiambiwa tuma, toa, lipa. Watu nao hawakukaa kimya: Tanzania wamechukua amri mojawapo wakaifanya nomino, na leo unamwambia muuza matunda, “Naomba lipa namba yako.” Amri imevikwa naomba, ikalainika.

Bwalo la vyakula linaweza kuanza vizuri kuliko simu. Kitufe ni mdomo wa mteja, basi kiandikwe kwa sauti yake: Niongezee. Nipunguzie. Nitakula hapa. Nifungie. Herufi zinazozidi ni chache, na skrini ile ni ndefu. Ninyi mnaoandaa mashine hizi kwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kabla hamjamtumia mfasiri orodha ya maneno, mpelekeni kwanza kwa mama ntilie saa saba mchana, akae hapo na kalamu, aandike wateja wanavyosema.